SOMO LA AFYA: CHUMVI ZINAZOENDESHA MISULI YETU

Leo tujifunze jambo ambalo wazazi wengi hapa kambini wameliona: mtoto anaharisha siku mbili, kisha analegea na hataki kusimama. Mtu mzima naye hukazwa na misuli ya miguu. Tunasema, "Maji yamemwishia." Ni kweli, lakini si maji peke yake.

Misuli hufanyaje kazi?
Katika maji ya mwili mna madini yaliyoyeyuka: sodiamu, iliyomo katika chumvi ya kula, potasiamu, kalsiamu na magnesiamu. Tukitaka kuinua mguu, ubongo hutuma ujumbe kwa mishipa ya fahamu. Sodiamu huingia ndani ya chembe za msuli na potasiamu hutoka. Ndivyo ujumbe unavyosafiri. Hapo kalsiamu iliyohifadhiwa ndani huachiliwa, nao msuli hujikaza. Kalsiamu ikirudishwa mahali pake, msuli hulegea, na magnesiamu husaidia kazi hiyo. Moyo nao ni msuli.

Kuhara hutoa maji pamoja na sodiamu na potasiamu. Potasiamu ikipungua sana, misuli hukosa nguvu, tumbo hujaa, na moyo unaweza kupiga ovyo. Kwa hiyo maji matupu hayatoshi.

Wakimbizi wenzetu
Mwaka 1971 wakimbizi wa vita vya Bangladesh walipatwa na kipindupindu huko Bangaon, India. Dripu zilipopungua, daktari Dilip Mahalanabis aliagiza wagonjwa wanyweshwe maji yenye chumvi na glukosi, na ndugu zao ndio walioshika vikombe. Vifo vilishuka kutoka karibu 30 katika kila wagonjwa 100 hadi chini ya 4. Sukari husaidia utumbo kufyonza chumvi, na maji hufuata.

Tufanye nini?
1. Tukoroge pakiti ya ORS katika maji safi, kwa kipimo kilichoandikwa juu yake. Ina sodiamu na potasiamu. Yakipita saa 24, tuyamwage.
2. Pakiti ikikosekana: maji safi lita 1, sukari vijiko vya chai 6, chumvi nusu kijiko cha chai, vyote vya kusawazisha. Tusizidishe chumvi, inadhuru. Mchanganyiko huu hauna potasiamu, basi anayekula apewe ndizi mbivu iliyopondwa.
3. Kila akiharisha, mtoto wa chini ya miaka 2 anywe robo hadi nusu kikombe. Mkubwa zaidi, nusu hadi kikombe kizima. Akitapika, tungoje dakika 10, tuendelee polepole. Mama asiache kunyonyesha.
4. Tuulize zahanati vidonge vya zinki kwa mtoto.
5. Akishindwa kunywa, akilegea sana, macho yakizama, au choo kikiwa na damu au kama maji ya mchele, tumkimbize zahanati huku tukimnywesha njiani kama anaweza kumeza. Tusingoje kupambazuke.

Maswali ya kuzungumza nyumbani
Kwa nini maji matupu hayatoshi? Je, jirani yetu anajua kipimo cha chumvi na sukari? Kama hajui, tumfundishe leo.