Tezi dume: vidokezo 12 kabla ya sindano na mionzi

Daktari amekwisha kusema: ni saratani ya tezi dume, na tiba yake ni homoni pamoja na mionzi. Umetoka kliniki na karatasi mkononi, na chumba cha mionzi utakiona baada ya wiki kadhaa, pengine miezi miwili au mitatu. Muda huo una kazi. Mengi yanayowasumbua wanaume katikati ya tiba hupungua yakiandaliwa mapema. Haya hapa ya kuanza nayo leo, wewe na wa nyumbani kwako.

1. Zijue namba zako

Ziko tatu. Ya kwanza ni PSA, kile kipimo cha damu. Ya pili ni alama ya Gleason, inayotokana na kinyama kilichokatwa kwenye tezi. Kwa kawaida saratani hupewa alama 6 hadi 10, na kadiri inavyopanda ndivyo ugonjwa ulivyo mkali. Ya tatu ni hatua: je, saratani imebaki ndani ya tezi, imetoka nje kidogo, au imefika kwenye mifupa? Mwombe daktari akuandikie zote tatu. Nunua faili moja, weka humo majibu ya maabara, picha za MRI au CT na barua ya rufaa. Mgonjwa anayefika hospitali ya rufaa bila majibu yake anaweza kurudishwa kupimwa upya, na gharama inakuwa mara mbili.

2. Elewa kwa nini tiba ni mbili

Saratani hii huchochewa na testosterone, homoni ya kiume ambayo sehemu yake kubwa hutengenezwa kwenye korodani. Jambo hilo alilithibitisha daktari Charles Huggins akiwa Chicago mwaka 1941, na mwaka 1966 akapewa Tuzo ya Nobel. Sindano za tiba ya homoni huishusha testosterone hiyo, tezi ikasinyaa na saratani ikadhoofika. Mionzi nayo huja kuua chembe za saratani pale zilipo.

Nguvu ya tiba hizi iko katika kwenda pamoja. Mwaka 1997 ulichapishwa utafiti wa Ulaya juu ya wanaume wenye saratani iliyosambaa jirani na tezi. Waliopata mionzi peke yake, asilimia 62 walikuwa hai baada ya miaka 5. Waliopata mionzi na homoni walikuwa asilimia 79. Kwa hiyo usikubali kuacha sindano eti kwa sababu mionzi inakuja, wala kuacha mionzi kwa sababu PSA imeshuka baada ya sindano.

3. Uliza: sindano gani, na kwa muda gani?

Sindano inayotumika sana, goserelin, huchomwa chini ya ngozi ya tumbo na kuacha kijiti kidogo cha dawa mfano wa punje ya mchele, kinachoyeyuka polepole. Ipo ya kila siku 28 na ya kila wiki 12. Ugonjwa wa hatari ya wastani huhitaji homoni kwa miezi 4 hadi 6 hivi. Ule mkali, miezi 18 hadi 36. Andika tarehe zote kwenye kalenda ya ukutani, na uulizie dawa duka la hospitali wiki moja kabla ya tarehe, kwani dawa ikikosekana utahitaji muda wa kuitafuta.

Kuna pia upasuaji wa kuondoa korodani. Ni wa mara moja na kwa ujumla gharama yake ni nafuu, ila hauna kurudi nyuma. Kwa mtu anayehitaji homoni kwa miezi michache tu, tofauti hiyo ni kubwa. Uliza kabla ya kutia saini.

4. Usiruke vidonge vya mwanzo

Sindano nyingi za aina hii hupandisha testosterone kwa muda mfupi kabla ya kuishusha. Ndiyo maana daktari hukupa vidonge kama bicalutamide, uvianze siku chache kabla ya sindano na kuendelea navyo kwa wiki kadhaa. Vinaonekana vidogo, lakini vina kazi yao: kuizuia homoni hiyo isiichochee saratani katika siku hizo. Ukiona mkojo umeziba, miguu imeishiwa nguvu au mgongo unauma kwa namna mpya na kali, hiyo ni dharura: nenda hospitali siku hiyo hiyo.

5. Pima na vilivyobaki

Homoni ikishuka, mwili mzima huguswa. Sukari inaweza kupanda, mafuta kwenye damu kuongezeka, mifupa kupungua uimara. Kabla ya sindano ya kwanza, pima presha, sukari, mafuta na uzito, uandike. Kama una tatizo la moyo, kisukari au umewahi kupata kiharusi, liseme wazi, maana huenda likabadilisha aina ya dawa utakayopewa. Beba pakiti za dawa zote unazotumia, zikiwemo ARV na zile za dukani. Meno mabovu yang'olewe au yazibwe mapema, kwa sababu baadhi ya dawa za kulinda mifupa hazipatani na kung'oa jino katikati ya tiba.

6. Anza mazoezi kabla ya sindano

Hapa ndipo mgonjwa mwenyewe ana uwezo mkubwa. Sindano hupunguza misuli na kuongeza tumbo, na uchovu wake ni wa kweli. Mazoezi ni miongoni mwa tiba bora za uchovu huo. Lenga dakika 150 za kutembea kwa haraka kwa wiki, yaani nusu saa kwa siku tano. Ongeza mazoezi ya nguvu mara mbili kwa wiki: kaa na kusimama kwenye kiti bila kushika popote, panda ngazi, nyanyua chupa mbili za maji. Kama saratani imefika kwenye mifupa, mwulize daktari kwanza uzito gani unakufaa.

Jifunze pia kubana ile misuli unayotumia kukata mkojo. Bana kwa sekunde tano, legeza, rudia mara kumi, mara tatu kwa siku. Itakusaidia kuuzuia mkojo.

7. Zungumza na mwenzako, tena waziwazi

Wanaume wengi hawaambiwi hili, au huambiwa kwa kuzungushwa. Katika tiba ya homoni, hamu ya tendo la ndoa hupungua sana au hutoweka, na uume hushindwa kusimama. Mionzi nayo inaweza kuathiri nguvu za kiume taratibu, miezi na hata miaka baadaye. Mke asiyejua atadhani amechukiwa au kuna mwanamke mwingine. Nenda naye kliniki, asikie kwa masikio yake. Muulizeni daktari pamoja kuhusu dawa na njia za kusaidia. Kwa wengi hamu hurudi sindano zikiisha, ingawa huchukua miezi. Kama bado mnataka mtoto, ulizeni kuhusu kuhifadhi mbegu kabla ya kuanza tiba.

Na upendo una njia nyingi. Kula pamoja, kutembea jioni, kushikana mkono, kulala pamoja: hayo yote yanabaki.

8. Jiandae kwa joto la ghafla

Ukiwa kwenye sindano, utakuwa umekaa vizuri, mara joto linapanda kutoka kifuani hadi usoni, jasho linatiririka, na baada ya dakika chache limepita. Wanawake waliokoma hedhi wanalijua vizuri. Vaa nguo nyepesi za pamba, weka taulo na maji karibu na kitanda, punguza pombe, kahawa na pilipili uone kama vinachochea. Likikunyima usingizi, kuna dawa; mweleze daktari. Matiti yanaweza kuvimba na kuuma, hasa kwa watumiao vidonge kwa muda mrefu, nalo hilo lina kinga likisemwa mapema.

Wa nyumbani waangalie na moyo wa mgonjwa. Baba akinyamaza sana, akikasirika kwa jambo dogo au akipoteza raha ya vitu alivyovipenda, inaweza kuwa sonona. Apelekwe kuzungumza na mtaalamu.

9. Panga safari, malazi na fedha

Mionzi hutolewa Jumatatu hadi Ijumaa. Ratiba ya zamani ilikuwa ya vipindi 37 hadi 39, karibu wiki nane. Utafiti mkubwa wa Uingereza uliohusisha wanaume zaidi ya 3,000, matokeo yake yakatoka mwaka 2016, ulionyesha kuwa vipindi 20 vyenye dozi kubwa kidogo kila kimoja vinafanya kazi sawa. Muulize daktari wako wa mionzi: "Je, mimi ninafaa kwa vipindi 20?" Kwa anayetoka Songea kwenda Taasisi ya Saratani Ocean Road jijini Dar es Salaam, au anayetoka Turkana kwenda Nairobi, swali hilo ni karibu mwezi mzima wa kodi, nauli na chakula. Wa Kanda ya Ziwa waulizie hospitali ya Bugando, Mwanza, na Wakenya wa Pwani waulizie Mombasa kabla ya kufunga safari ndefu.

Bima ishughulikie mapema. Omba kibali kwa maandishi, na uulize kinalipa vipindi vingapi na sindano ngapi. Mtafute ndugu wa kukaa naye karibu na hospitali, na mwingine wa kuangalia shamba au duka.

10. Kibofu kijae, utumbo uwe mtupu

Hili lifanyie mazoezi nyumbani. Tezi dume imekaa chini ya kibofu na mbele ya utumbo wa haja kubwa. Kibofu kikijaa, sehemu yake kubwa huinuka na kukaa mbali na mionzi. Utumbo ukiwa na choo au gesi, tezi husogea, na mionzi imelengwa mahali palepale.

Kwenye benchi la kusubiri utawaona wazee na chupa zao za maji, kila mmoja akitazama saa. Mara nyingi maelekezo ni haya: nenda chooni, kisha kunywa kiasi ulichopangiwa, kwa mfano nusu lita, halafu subiri dakika 30 hadi 60 bila kukojoa. Mashine zikichelewa, kibofu kinauma. Aliyekunywa kidogo huteremshwa mezani, akaambiwa akanywe tena na kungoja. Anayejizoeza nyumbani wiki mbili kabla hujua mwili wake unachukua dakika ngapi.

Siku chache kabla ya ile picha ya CT ya kupangia mionzi, punguza maharage, kabichi na soda. Kula papai na kunywa maji ya kutosha ili choo kiwe laini. Vaa suruali ya mpira kiunoni au msuli, vitu vinavyoshuka haraka. Nukta za wino utakazowekwa kwenye ngozi usizisugue, ndizo zinazoelekeza mashine.

Waislamu, kama vipindi vitaangukia Ramadhani, zungumza na daktari na shehe wako mapema. Maji haya ni sehemu ya tiba, na mgonjwa ana ruhusa ya kufungua na kulipa siku baadaye.

11. Tenganisha madhara na uvumi

Mionzi ya mashine haiumi. Unalala mezani kama dakika 15, unaisikia mashine ikizunguka, unashuka. Haibaki mwilini: wajukuu wapakate, kula nao sahani moja. Nywele za kichwani hazikatiki kwa mionzi ya nyonga.

Yanayotokea kweli huanza wiki ya pili au ya tatu: kukojoa mara kwa mara, mkojo kuchoma, choo chepesi, uchovu. Kwa wengi hutulia wiki chache baada ya kumaliza. Ukiona damu kwenye choo au mkojo, sema. Sigara iache sasa, kwani huzidisha madhara na kuharibu mishipa. Kuhusu dawa za mitishamba, mwambie daktari unachotumia bila kuona haya. Usiache kamwe vipindi vya mionzi ili ujaribu dawa ya chupa.

12. Kumaliza mionzi kuna kazi yake

Sindano zinaendelea hadi muda uliopangiwa. PSA itapimwa kila baada ya miezi michache kwa miaka kadhaa, na inaweza kuchukua muda kutulia. Na kumbuka hili kwa maisha yako yote: ukija kuchunguzwa utumbo mpana kwa kamera, mwambie daktari kwamba ulipata mionzi ya tezi dume. Kukata kinyama kwenye ukuta ulioungua na mionzi kunaweza kuacha kidonda kisichopona.

Hakuna aibu katika ugonjwa huu. Nelson Mandela aligunduliwa mwaka 2001 akiwa na miaka 83, akapata wiki saba za mionzi, na akaishi hadi mwaka 2013. Profesa Anyang' Nyong'o aligunduliwa mwaka 2010 akiwa waziri wa huduma za matibabu Kenya, akalisema hadharani ili wenzake wakapime. Wewe nawe una watu wa kuwaambia. Mwanamume ambaye baba au kaka yake amepata saratani ya tezi dume ana hatari takriban mara mbili ya wengine. Waite wanao na ndugu zako wa kiume waliofikisha miaka 40, uwaambie ukweli, na uwahimize wamwone daktari kuhusu kipimo cha PSA mwezi huu.