Stelingi Ngumu kwenye Lori la Mtumba: Anzia Chini, Pampu Baadaye

Umepata Fuso au Canter la mtumba pale Muyinga, Burundi. Bei inaongeleka, injini inaitika vizuri, ila usukani unataka mabega ya mbeba magunia. Mwenye lori anacheka: "Hiyo ni pampu tu, kitu kidogo." Huenda ni kweli, lakini pampu husingiziwa mengi. Kabla hujatoa faranga, kagua hivi.

1. Fika asubuhi, lori likiwa limelala. Gusa rejeta. Ikiwa ya moto na muuzaji anakuharakisha, rudi kesho. Gitega na Muyinga ziko juu ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na asubuhi za Juni na Julai zina baridi ya kufanya mafuta ya stelingi kuwa mazito. Usukani ulio mgumu dakika za kwanza kisha ukalegea unakwambia utazame mafuta. Ule unaoanza mwepesi halafu ukawa mgumu injini ikipata moto ni habari mbaya zaidi: mara nyingi pampu au boksi la stelingi limelika ndani, na mafuta yakishakuwa mepesi yanapenya yasikotakiwa.

2. Pima upepo wa tairi za mbele. Ndiyo, kabla ya kufungua chochote. Watu wamefungua pampu kwa sababu ya tairi lililokosa upepo.

3. Fungua kopo la mafuta ya stelingi, unuse. Meusi yenye harufu ya kuungua yamechemka mara nyingi. Yenye povu yanaonyesha kuwa pampu inavuta hewa, aghlabu kwenye hozi ya kuingizia iliyopasuka au kibano kilicholegea. Yakiwa mapya yanayong'aa huku hozi zimeoshwa juzi, uliza kwa nini. Kwenye malori mengi kuna filta ndani ya kopo hilohilo, nayo husahaulika miaka. Ikiziba, pampu hukosa mafuta na kuanza kulia. Aina ya mafuta isome kwenye kifuniko au kitabu cha gari, usimsikilize mpita njia. Na mtu asiongezee mafuta ya breki humo: yanaharibu sili zote.

4. Mafuta yanapungua lakini chini ni pakavu? Chomoa kijiti cha kupimia oili ya injini. Malori mengi makubwa hayatumii mkanda. Pampu huzungushwa na gia za injini yenyewe. Sili ya shafti yake ikifa, mafuta ya stelingi huingia kimyakimya kwenye injini. Kopo linashuka, oili ya injini inapanda. Kama mvujo uko nje, usiutafute kwa vidole injini ikiwa inanguruma, maana mafuta yenye presha hupenya ngozi. Pitisha kipande cha katoni.

5. Inua mbele. Hapa ndipo penye ukweli. Weka kabari kwenye magurudumu ya nyuma, inua ekseli ya mbele, iegemeze juu ya stendi imara, maana jeki peke yake haitoshi. Injini ikiwa imezimwa, fundi afungue rodi inayotoka kwenye boksi la stelingi kwenda gurudumuni. Sasa shika tairi kwa mikono, uligeuze kushoto na kulia. Likigoma au likienda kwa kukwaruza, ugonjwa uko kwenye kingpini na beringi zake, na hakuna pampu itakayoutibu. Likienda laini, ugumu uko juu: kwenye boksi, kwenye nguzo ya usukani au kwenye hidroliki.

Kuhusu kingpini, nina neno kwa mafundi wetu. Grisi ikipigwa lori limesimama kwa uzito wake, beringi imekandamizwa. Grisi inatokea pembeni, fundi anafuta mikono, kazi imeisha. Mwambie apige ekseli ikiwa imeinuliwa, mwenzake akigeuza magurudumu, mpaka chafu itoke na mpya ionekane. Kama kingpini haijalika bado, kopo moja la grisi linaweza kumaliza kesi.

6. Mgumu upande mmoja tu? Shuku vali za ndani ya boksi. Pampu haijui kushoto wala kulia.

7. Usukani uliohamishwa. Sisi Burundi tunaendesha kulia. Tanzania wanaendesha kushoto, na malori mengi hutufikia kupitia bandari ya Dar es Salaam. Ukikuta lori ambalo usukani umehamishwa upande, tazama viungo vya nguzo. Vikifungwa bila kulinganishwa, usukani hubana, huachia, hubana tena ndani ya mzunguko mmoja. Nikiona nguzo imechomelewa, mimi naondoka.

8. Liendeshe. Barabara ya Gitega kwenda Muyinga kupitia Karusi haina uhaba wa kona. Ukitoka kwenye kona, usukani urudi katikati wenyewe. Usiporudi, rejea namba 5. Ukikata mpaka mwisho, usiung'ang'anie zaidi ya sekunde chache, mafuta yanachemka. Na mafuta ya gari yanapoadimika, usishawishike kuzima injini mteremkoni uokoe lita: pampu inasimama nayo, na breki za upepo zinabaki na akiba ya tangi tu.

9. Sasa ndiyo pampu. Usukani ulio mgumu lori likiwa limesimama, kisha ukawa mwepesi ukikanyaga mafuta, unaelekeza huko. Kwa lori la mkanda, kaza mkanda kwanza. Fundi mwenye geji apime presha, alinganishe na kiwango cha mtengenezaji. Ikithibitika, punguza bei ya lori kwa gharama ya pampu, filta na mafuta, vyote vitatu. Mafuta ya zamani yamwagwe yote na hozi zisafishwe, la sivyo vumbi la chuma kutoka pampu iliyokufa litaingia kwenye mpya ndani ya wiki ya kwanza.