Stima Zikipotea: Somo la Lugha na la Maisha

Wahenga walinena kwamba mazoea yana taabu. Ndugu msomaji, sisi tuliozaliwa tukakuta swichi ukutani tumezoea kubonyeza tu, nyumba ikawaka. Katika makala haya nitaeleza mambo matatu: maneno tunayotumia kuhusu umeme, yaliyotupata nyumbani siku tatu bila umeme huo, na tahadhari ambazo kila mwanachama anafaa kuzipeleka kwao.

1. NENO LENYEWE

Mitaani tunasema "stima zimepotea" na "stima zimerudi", kana kwamba ni mbuzi waliotoroka zizini. Wenzetu wa Tanzania husema "umeme umekatika". Yote yanaeleweka, ingawa katika insha mwalimu atapendelea umeme. Maana ya asili ya umeme ni ule mwanga unaomulika mawinguni kabla ya ngurumo. Stima nalo limetoka katika Kiingereza, na lina maana pia ya meli iendayo kwa nguvu za mvuke.

Ajabu ni kwamba neno hili la mtaani lina ukweli ndani yake. Kule Olkaria, karibu na Naivasha, tangu mwaka 1981 mvuke kutoka chini ya ardhi huzungusha mitambo ya kuzalisha umeme. Leo mvuke huo ndio unaotupa umeme mwingi kuliko chanzo kingine chochote nchini. Vyanzo vingine ni mabwawa ya Mto Tana kama Masinga, Gitaru na Kiambere, na upepo wa Loiyangalani, kaunti ya Marsabit, ambako kumesimamishwa mitambo 365 ya upepo.

Kwa kuwa nyaya zimeunganishwa nchi nzima, hitilafu ya mahali pamoja yaweza kuwafikia wote. Tarehe 7 Juni 2016, tumbili alipanda paa la kituo cha Gitaru akaangukia transfoma. Kenya nzima ikakosa umeme kwa saa kadhaa. Tumbili mwenyewe alinusurika!

2. SIKU TATU ZA GIZA

Kwetu hapakuwa na tumbili. Ilikuwa likizo ya Agosti, transfoma ya mtaa ikaungua Jumatatu jioni, na stima zikarudi Alhamisi. Wakati huo mama alikuwa na vifaranga 100 wa siku nne, wakiota joto la balbu ndani ya boksi. Kifaranga wa wiki ya kwanza huhitaji joto la nyuzi 32 hadi 35, la sivyo hufa. Karo yangu ilikuwa ndani ya lile boksi.

Kaka yangu alitoa shauri: "Si tuingize jiko la makaa humu ndani, tufunge mlango na madirisha?"

Nyanya akaruka. "Thubutu! Mnataka tuzike kuku ama watu?"

Basi jiko likabaki nje. Tulichemsha maji, tukayatia katika jerikeni, tukazifunga kwa magunia na kuziweka katikati ya vifaranga, kisha tukafunika boksi kwa blanketi na kuacha nafasi ya hewa. Kila baada ya saa tatu maji yalibadilishwa. Mimi na kaka tulishika zamu usiku kucha, siku zote tatu. Vifaranga 11 walikufa. 89 walipona.

Hapo ndipo nilipotambua mambo mangapi yanategemea ule waya. Maji ya ploti huvutwa kwa pampu, kwa hivyo tulibeba mitungi kutoka mtoni. Simu zilizima, na mama akashindwa kulipia chakula cha kuku. Mashine ya kusaga unga ilifungwa. Wahenga walisema akiba haiozi, lakini maziwa yetu ya friji yalioza siku ya pili.

Faida niliyoipata ni msamiati. Nyanya alitoa taa yake ya zamani, akanifunza haya:

Kandili: taa ya mafuta yenye kioo na mkono wa kubebea.
Koroboi au kibatari: kijitaa cha mkebe kisicho na kioo.
Karabai: taa ya mafuta inayopigwa pampu, yenye mwanga mkali.
Utambi: uzi au kitambaa kinachonyonya mafuta na kuwaka.
Masizi: weusi unaoachwa na moshi kwenye kioo, dari, na hata puani mwa anayesoma karibu na koroboi!

3. TAHADHARI

Kwanza, nyanya alikuwa na haki. Makaa yakiungua mahali pasipo hewa ya kutosha hutoa gesi iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu. Ikivutwa, hujishika kwenye damu mahali pa oksijeni. Mtu huumwa na kichwa, hupata kizunguzungu, hulegea, na aliyelala huenda asiamke tena. Usilale na jiko ndani ya nyumba iliyofungwa, hata kukiwa na baridi namna gani.

Pili, friji isifunguliwe ovyo. Ikibaki imefungwa huweka ubaridi kwa muda wa saa 4 hivi.

Tatu, chomoa vyombo vyote, kwani stima zikirudi huenda zikaja kwa nguvu nyingi na kuviunguza.

ZOEZI

(a) Tofautisha kandili, koroboi na karabai.
(b) Tunga sentensi mbili kuonyesha maana mbili za neno umeme.
(c) Mwulize mzee wa kwenu walisomea taa gani, na mafuta yalipoisha walifanyaje. Andika aya moja.

Majibu yapelekwe kwa katibu wa chama. Aya bora zitabandikwa ubaoni.