Samahani, Mwisho wa Foleni ni Kule

Je, umewahi kusimama kwenye foleni saa nzima, miguu imekufa ganzi, halafu anatokea jamaa, hata salamu hana, anajichomeka mbele yako kama vile hakuoni? Ulifanya nini? Sema ukweli. Wengi wetu tunasonya, tunamgeukia jirani na kunong'ona, "Watu wengine bwana!" Basi, imeishia hapo. Jamaa anahudumiwa na kwenda zake.

Mimi nilikuwa kidato cha tatu siku ukimya huo uliponigharimu. Mama alikuwa amesafiri. Mdogo wangu wa miaka 3 akaamka na homa, nikambeba mgongoni hadi zahanati. Tuliwahi, tukawa watu wa saba. Ilipofika saa nne bado tulikuwa wa saba! Huyu anajuana na nesi, yule "nilikuwepo, nilitoka kidogo tu", mwingine ana noti kaikunja kiganjani. Mmoja, mama mtu mzima, alisimama mbele yangu kabisa. Nikatazama chini. Mimi mtoto wa shule nimwambie nini mtu wa rika la mama yangu? Saa tisa na nusu dirisha la maabara likafungwa, tukaambiwa turudi kesho. Usiku ule mdogo wangu alipata degedege. (Ikikutokea: mlaze mtoto kwa ubavu, usimtie kitu chochote mdomoni, na mkimbize hospitali.) Alipona, na leo ni mrefu kuliko mimi. Lakini yule mama wa foleni bado namkumbuka hadi rangi ya kitenge chake.

Kwa nini nilinyamaza? Heshima, ndiyo. Aibu pia. Lakini kulikuwa na jambo jingine: nilikuwa nangoja mtu mwingine aseme. Nao waliokuwa nyuma yangu walikuwa wananingoja mimi.

Jambo hili limewahi kupimwa. Mwaka 1986 yalichapishwa matokeo ya jaribio la mwanasaikolojia wa Marekani, Stanley Milgram, na wenzake. Waliwatuma watu kwenye foleni 129 za jiji la New York, kazi yao kuchomekea tu! Alipochomekea mtu mmoja, karibu nusu ya foleni zililalamika. Walipochomekea wawili kwa pamoja, zililalamika foleni 9 kati ya 10. Kisha watafiti wakapanga watu wao wawili ndani ya foleni, nyuma tu ya pale mchomekaji mmoja atakapoingia, wakawaambia wakae kimya. Malalamiko yakashuka hadi karibu 5 kati ya 100. Umeona? Waliosimama nyuma zaidi walijiambia, "Kama aliyeguswa hajasema, mimi ni nani?" Kwa hiyo wewe uliye nyuma tu ya mchomekaji ndiye umeshika ufunguo. Ukinyamaza, umeinyamazisha foleni nzima.

Na usidhani yeye ni shujaa. Baadhi ya waliotumwa na Milgram waliona kichefuchefu kwa woga kabla ya kujichomeka.

Lakini ngoja kwanza. Usianze kumfokea kila anayepita mbele yako, hasa hospitalini. Pale foleni haifuati aliyewahi tu, inafuata pia hali ya mgonjwa. Mtoto mwenye degedege, aliyelegea au kupoteza fahamu, anayepumua kwa shida, asiyeweza kunyonya wala kunywa, au anayetapika kila kitu, huyo apite mara moja. Vivyo hivyo anayevuja damu nyingi na mama aliyeshikwa na uchungu. Kichanga cha chini ya miezi 2 naye hatakiwi kusubiri sana. Wazee, yaani wenye miaka 60 na kuendelea kwa mujibu wa Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003, wapishe. Na kama ni wewe uliyebeba mtoto mwenye dalili hizo, usikae kwenye benchi kwa adabu. Nenda moja kwa moja kwa nesi ukamwambie. Huko si kuchomekea.

Ndiyo maana swali la kwanza liwe: "Samahani, una dharura?" Kama anayo, mpishe. Kama hana, swali lenyewe limeshamwambia kuwa umemwona. Endelea palepale, maana akishasimama dakika tano atakuwa na kwao:

"Basi kaka, mwisho wa foleni ni kule, nyuma ya yule dada mwenye mwavuli. Sote hapa tunasubiri."

Angalia maneno hayo. Hujamwita mshamba wala mwizi, umesema foleni ilipo tu. Na umesema "sote", siyo "mimi". Sasa mgeukie wa nyuma yako: "Au siyo, mama?" Mara nyingi hapo ndipo foleni inapopata sauti. Kwa mkubwa, anza na shikamoo. "Shikamoo mama. Samahani, labda hukuiona foleni, inaanzia kule." Umemwachia mlango wa kutoka bila kuaibika, na heshima yako iko palepale. Laiti ningeyajua maneno haya siku ile!

Akikataa je? Usimshike, usimsukume. Akiwa amelewa au anatafuta ugomvi, achana naye, kamwone mhudumu au mlinzi. Na kama kilichompitisha ni noti kiganjani, hiyo ni rushwa, kosa kwa sheria ya mwaka 2007. TAKUKURU wanapokea taarifa bure kwa simu namba 113.

Kwenye daladala mambo ni mengine, pale hakuna foleni bali vita. Katika msukumano ule wasichana wanashikwashikwa na simu zinaibwa. Mkiwa wanafunzi wanne au watano mnaopanda kituo kimoja, simameni pamoja na mumwombe konda asubiri wanaoshuka kwanza.

Na sisi wenyewe? Bwaloni nani anachota chakula kwanza? Kidato cha nne wanapita mbele ya njuka, na njuka akisema anaitwa hana adabu. Bombani ni vivyo hivyo, "njoo hapa, nimekushikia nafasi," na marafiki sita wanajaa mbele ya mtu mmoja.

Jaribuni zoezi hili kwenye klabu yenu. Watu sita wapange foleni, mmoja achomekee. Mara ya kwanza aliye nyuma yake anyamaze, mara ya pili aseme. Kisha badilishaneni, njuka acheze kidato cha nne. Mkimaliza mwulizeni aliyechomekea alijisikiaje. Msishangae akisema tumbo lilimkata.