Darsa: Salmani na Nduguye Penye Chakula

Miongoni mwa maswali yaletwayo katika darsa zetu hapa Garsen ni hili: binti afungapo siku zote bila ya kukatiza, akakonda hata mifupa ikaonekana, je, huo ni uchaji au ni maradhi? Wengine hukimbilia kusema ni jini. Sisi twasema atazamwe na daktari. Yako maradhi ya nafsi ambayo mtu hukiogopa chakula, au hula kwa pupa sirini kisha akajitapisha. Nayo hudhoofisha moyo na huweza kuua. Saumu hapo huwa pazia tu.

Tukitazame kisa kilichomo katika Sahihi ya Bukhari. Mtume (s.a.w.) aliwaunga udugu Salmani Mfarisi na Abu Dardaa (r.a.). Salmani alipomzuru nduguye alimkuta mkewe amevaa nguo duni, akaambiwa kuwa nduguye hana haja na dunia. Abu Dardaa akamwandalia mgeni chakula, mwenyewe akasema amefunga. Salmani akakataa kula mpaka mwenyeji ale, naye akala. Usiku akamlaza hadi mwisho wake, wakasali pamoja, ndipo akamkumbusha haki za Mola, za nafsi na za ahali. Mtume alipopata habari alimsadikisha Salmani.

Hatusemi, hasha, kuwa Abu Dardaa alikuwa mgonjwa. Twaitazama njia ya Salmani: mawaidha yalikuja baadaye, kwanza aliketi penye chakula akangoja.

Na hapa wengi hukosea. Mgonjwa huyu mara nyingi hupenda kuwapikia watu. Huwapakulia wote, yeye akasimama kando. Nyumba humsifu ukarimu, kumbe ndipo ajifichapo! Mafuriko ya Tana ya mwaka 2023 yalipowahamisha watu, wahitaji wa kupikiwa walikuwa wengi. Kazi kama hiyo humfaa anayepona, ila kwa sharti: akiisha kupakua, aketi sinia moja na aliowapakulia. Ikiwa bado ni zito kwake, na asomeshe watoto alifu, au amtekee maji kikongwe.

Wala asishindiliwe chakula kwa siku moja. Mwili uliozoea njaa ukijazwa ghafula huweza kuangamia. Kipimo wakijua madaktari, Hola au Malindi.

Ramadhani akikatazwa kufunga, ale bila ya kuona haya. Atarajiwaye kupona atalipa baadaye. Asiyetarajiwa atatoa kibaba cha chakula kwa masikini kwa kila siku. Na anayelipa asiharakishe mpaka daktari aridhie, na siku hizo apatikane wa kufuturu naye.