Starlet ya Mzee: Anza na Bushi

Starlet ya mzee ni ya mwaka 1997, na mwezi uliopita nusura nigonge bodaboda nayo, kona ya Mtaa wa Msimbazi. Usukani nimekata, gari likalala upande, likachelewa kufuata. Washkaji wa hosteli wakashauri: kata springi, gari likae chini. Msikate, jamani! Springi iliyokatwa inakuwa fupi na ngumu. Tuta la kwanza tu shokapu inagonga mwisho. Na kama ilishachoka, imechoka vilevile.

Anza na bushi. Ni mpira, na mpira unazeeka. Ukipasuka, wishboni inacheza na tairi linaelekea linakotaka. Bei yake ni ndogo kuliko ya shokapu, bumu halitalia. Nunua mpya pale Gerezani, Kariakoo. Ya mtumba ni uzee uleule. Sasa, hapa ndipo mafundi wengi wanapoharibu: wanakaza bolti gari likiwa limening'inia kwenye jeki. Likishushwa, mpira unabaki umejinyonga, unachanika mapema. Mwambie fundi akaze mwisho, gari likiwa limekalia uzito wake. Wangu alicheka, “We mwalimu wa gereji gani?” Lakini akafanya.

Kisha shokapu. Kandamiza gari kwenye kona yake moja, achia. Likidunda zaidi ya mara mbili, hiyo imekwisha. Badili kulia na kushoto kwa pamoja. Malizia na wili alaimenti, la sivyo tairi zitalika upande.

Jumapili mzee aliendesha, akauliza kama nimebadili usukani.