Presha ya mtoto anayesafishwa damu

SWALI: Mwanangu wa miaka 9 figo zake hazifanyi kazi tena, na husafishwa damu mara 2 kwa wiki. Twaishi Faza, kila safari ni boti. Dawa za presha anameza bila kukosa, lakini kila tukifika kituoni presha iko juu. Niombe dawa kali zaidi?
Mama, Faza

JIBU: Pole sana, mamangu. Kabla ya dawa nyingine, muulize muuguzi swali hili: tangu asafishwe hadi arudi, mtoto ameongezeka kilo ngapi? Lita 1 ya maji ni kilo 1. Mkojo usipotoka, maji hayo hujaa kwenye mishipa na kupandisha presha. Kwa watoto wengi wa mashine ya kusafishia damu, chanzo kikubwa ndicho hicho, na vidonge peke yake haviyatoi.

Daktari humwekea uzito wa kufikia maji ya ziada yakishatolewa. Lakini mtoto hukua, na mwingine hukonda. Akikonda huku uzito ule wa zamani ukibaki kwenye faili, maji hukaa pale palipokuwa nyama, wala hayaonekani. Omba uangaliwe upya kila mwezi. Nyumbani, tafuta mizani umpime kila asubuhi.

Chumvi nayo. Najua ng'onda na papa mkavu ni chakula cha kwenu, na achari haikosi mezani. Lakini chumvi huleta kiu, na mtoto mwenye kiu katika joto la Lamu huwezi kumzuia kwa maneno. Mpikie samaki mbichi kwa kitunguu thomu, bizari na matone ya ndimu. Maji yake ya siku, kwa kiasi alichopangiwa, yaweke kwenye chupa moja ayaone yakipungua. Uji, chai na mchuzi pia ni maji.

Dafu usimpe, hata akililia. Lina potasiamu nyingi, na figo zisipoitoa huweza kusimamisha moyo. Chumvi mbadala za dukani nyingi zina potasiamu hiyo hiyo.

Kusi likivuma boti huenda zisivuke. Panga na kituo mapema: akikosa zamu apunguze maji kiasi gani, na umpigie nani.

Presha ipimwe kwa mkanda unaoenea mkono wa mtoto; mdogo mno huonyesha presha kubwa kuliko ilivyo. Mkono wenye mshipa wa kusafishia usifungwe mkanda kamwe. Uliza pia dawa zipi ameze baada ya mashine, kwa kuwa baadhi huoshwa pamoja na damu. Akiumwa, usimpe dawa ya maumivu ya dukani bila kumuuliza daktari.

Akilalamika kichwa kikali, akitapika, akiona kiza, akipata degedege au akishindwa kupumua akilala, usingoje zamu yake. Piga simu hospitali na utafute boti saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku.